Kurudi nyuma kwa ngazi: mwongozo kamili wa kusoma Historia na masuala ya jamii sekondari, kwa mfano wa ardhi

Wanafunzi wengi wa kidato cha tatu hutaja tarehe ya Azimio la Arusha bila kusita. Waulize kwa nini Baraza la Ardhi la kijiji chao lina wajumbe saba, au kwa nini bibi jirani anadai shamba ambalo familia nyingine imelilima miaka hamsini, wananyamaza. Tarehe wanayo. Kinachokosekana ni uzi unaoiunganisha tarehe hiyo na shamba lile.

Mwongozo huu unafundisha kuufuata uzi huo. Mfano wake ni mmoja: ardhi ya Tanzania Bara. (Zanzibar ina sheria zake, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo usichanganye.) Njia yenyewe inafaa somo la Historia, Historia ya Tanzania na Maadili, na Uraia kwa walio bado kwenye mtaala wa zamani. Ukiizoea, utaitumia kwa suala la maji, ajira au elimu bila kubadili hatua.

Vifaa

Kauntabuku moja ya kazi hii peke yake, penseli, rula, manila moja, atlasi ya shule, na nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo inapatikana mtandaoni, na ofisi ya kijiji au kata mara nyingine huwa nayo. Usiogope unene wake, vifungu vichache tu vitakutosha.

Kurasa za kushoto za kauntabuku ziwe za ulichokisoma au kukisikia. Za kulia ziwe za maswali na maoni yako. Ukichanganya viwili hivyo, baada ya mwezi hutajua kipi alikisema mzee, kipi kimo kwenye sheria na kipi ulikibuni mwenyewe saa nne usiku.

Hatua ya kwanza: andika swali, si mada

“Migogoro ya ardhi Tanzania” ni mada. Ukianza nayo utaishia kunakili desa. Swali zuri lina mtu ndani yake na lina kitu kisichoeleweka. Tutumie hili:

Kwa nini familia mbili katika kijiji kimoja zinaweza kudai shamba lilelile, na kila moja ikawa inasema kweli?

Lipime kwa njia hii. Kama jibu ni ndiyo au hapana, lifute. Kama linajibiwa kwa neno moja kama vile “ubinafsi” au “rushwa”, lifute pia. Majibu ya namna hiyo yanafaa kila nchi na kila karne, ndiyo maana hayaelezi chochote.

Hatua ya pili: chora mstari wa nyakati kwa kipimo

Kwenye manila chora mstari wa sentimita 70. Kila nusu sentimita ni mwaka mmoja, na mstari utoke 1885 hadi 2025. Wengi huchora mstari wenye matukio yaliyopangwa kwa nafasi sawasawa, na hilo ndilo kosa, kwa sababu linaficha mwendo wa mambo. Kwa kipimo utaona kutoka amri ya Wajerumani ya 1895 hadi sheria ya Waingereza ya 1923 ni sentimita 14, huku Uhuru, kufutwa kwa umilikaji wa kudumu, Azimio la Arusha na Operesheni Vijiji (watu kuhamishiwa vijijini, 1973 hadi 1976) vyote vikibanana ndani ya sentimita saba na nusu. Msongamano huo peke yake ni hoja: watu walibadilishiwa utaratibu wa ardhi mara kadhaa kabla mtoto aliyezaliwa siku ya Uhuru hajamaliza shule.

Hatua ya tatu: rudi nyuma kwa ngazi

Anza na leo, shuka. Kwenye kila ngazi uliza mambo matatu tu: nani aliamua, nani alipata na nani alipoteza, na nini kimebaki hadi leo.

Leo. Sheria ya Ardhi (Na. 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5) zilipitishwa 1999 na kuanza kutumika Mei 2001. Ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Imegawanywa makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na kisheria hadhi yake ni sawa na ya hati nyingine. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Sasa fungua kifungu cha 15 cha Sheria Na. 5. Kinasema ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 ni halali, hata kama ulifanyika kinyume cha sheria ya wakati huo. Kwa nini Bunge lihalalishe jambo lililovunja sheria? Liandike swali hilo upande wa kulia, kisha ushuke ngazi inayofuata.

1991 hadi 1994. Rais aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi mwaka 1991, mwenyekiti akiwa Profesa Issa Shivji. Wakati huohuo watu walikuwa wakienda mahakamani kudai mashamba waliyoondolewa, hasa mkoani Arusha, na baadhi walishinda. Serikali ikapitisha sheria mwaka 1992 ya kufuta madai hayo. Kesi ya Lohay Akonaay, mmoja wa wadai hao, ikafika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 1994 ilitamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba.

1973 hadi 1976. Hapa ndipo fundo lilipo. Azimio la Arusha la 5 Februari 1967 lilifuatwa na mwito wa kuishi vijiji vya ujamaa kwa hiari. Mwitikio ukawa mdogo kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 1973 hiari ikageuka amri: ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani awe kijijini. Mamilioni walihama, wengine kwa nguvu. Familia ililetwa ikapewa shamba ambalo jana lilikuwa la mwingine. Mara nyingi aliyekuwa na shamba lile hakulipwa, na haki yake ya kimila haikufutwa kisheria wakati ule. Ilipuuzwa tu. Swali letu sasa limepata jibu. Familia ya kwanza inasema kweli, shamba lilikuwa lao. Ya pili nayo inasema kweli, walipewa na serikali. Kifungu cha 15 kiliwekwa ili kumaliza ubishi huo, na kikaegemea upande wa aliyepewa.

Usiishie hapo, kwa sababu mwalimu mzuri atauliza: serikali ilipata wapi uwezo wa kupanga upya ardhi yote namna ile?

1963. Umilikaji wa kudumu, ule ambao mtu anamiliki ardhi milele, ulifutwa ukageuzwa kuwa ukodishaji kutoka serikalini. Mwaka huohuo mamlaka ya machifu yaliondolewa.

1923 na 1928. Waingereza walitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, wakaleta haki ya kuitumia badala ya kuimiliki. Marekebisho ya 1928 yaliitambua haki ya mila, lakini kwa udhaifu: Gavana akitaka, mwenye haki hiyo anaondoka.

1895. Amri ya Kaisari wa Ujerumani ilitangaza ardhi “isiyo na mwenyewe” kuwa mali ya dola. Na mwenyewe ni nani? Ni yule aliyeweza kuthibitisha kwa namna aliyoikubali Mjerumani. Malisho, msitu wa matambiko na shamba lililopumzishwa vyote vikaonekana havina mwenyewe.

Tazama kinachojirudia. Kutoka Kaisari hadi Gavana hadi Rais, uamuzi wa mwisho umebaki juu. Tume ya Shivji ilipendekeza utoke mikononi mwa serikali kuu, pendekezo hilo halikukubaliwa. Wanafunzi huandika kwamba “uhuru ulirudisha ardhi kwa wananchi”, na hiyo ni nusu ya habari.

Hatua ya nne: chagua ngazi moja uchimbe

Huwezi kujua kila ngazi kwa undani sawa. Chagua moja yenye watu na ugomvi. Kwa ardhi, pendekezo letu ni kesi ya Wameru.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza eneo la kati ya Kilimanjaro na Meru liwe ukanda mmoja wa ufugaji wa walowezi. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki na Leguruki, nyumba zao zikachomwa. Hawakuchukua silaha. Walichanga fedha, wakampeleka Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mjini New York mwaka 1952, akiwa na wakili Earle Seaton kutoka Bermuda. Azimio la kuwaunga mkono lilipelekwa Baraza Kuu, halikupata theluthi mbili ya kura. Ardhi haikurudi wakati ule.

Wengi husoma mpaka hapo wakafunga daftari. Anza kuuliza hapo. Kwa nini Mmeru aliweza kusimama New York, wakati Mkikuyu aliyenyang’anywa ardhi Kenya hakuwa na mlango huo? Jibu limo kwenye hadhi ya nchi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, Uingereza ikiisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, na wakazi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko. Kenya ilikuwa koloni. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa Kenya kwa sababu ya Mau Mau. Uchungu wa ardhi ulikuwa uleule, njia zikatofautiana, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na karatasi iliyosainiwa mbali.

Swali la pili: kama Wameru walishindwa, kwa nini kesi yao imo kwenye historia ya uhuru? Kwa sababu iliwaonyesha watu kwamba shauri la kijiji linaweza kusikika duniani, na kwamba bila chama cha nchi nzima litasikika tu. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954. Machi 1955 Nyerere naye alizungumza Umoja wa Mataifa, mlango ambao Kirilo alikuwa ameshaupita.

Kosa la kuepuka hapa ni kuandika kwamba kesi ya Wameru “ilisababisha” TANU. Ilichangia. Tofautisha sababu ya muda mrefu (sera ya ardhi), kichocheo (kuhamishwa 1951) na matokeo. Mtu mmoja tu akikuuliza “bila hilo, jambo lisingetokea?” utajua ni lipi kati ya hayo matatu uliloshika.

Hatua ya tano: nenda kwa watu

Somo la darasani litakupa sheria. Namna sheria ilivyoingia shambani utaipata kwa wazee, na waliokuwa watu wazima wakati wa Operesheni Vijiji sasa wanakaribia miaka sabini au wameshaipita. Msichelewe.

Kwanza barua ya shule kwa mtendaji wa kijiji, yenye majina ya wanafunzi, siku na madhumuni. Pili, jipangeni wawili wawili: mmoja anauliza, mwingine anaandika. Watu wanne mbele ya mzee mmoja huonekana kama baraza la kesi. Tatu, chagueni watu watano wasiofanana, kwa mfano mzee aliyehamishwa, mzee aliyewapokea wageni, mfugaji, mwanamke mjane na mjumbe wa Baraza la Ardhi. Mkiwahoji wanaume wenye mashamba pekee, mtarudi na historia ya wanaume wenye mashamba.

Shikamoo ni ya kila mmoja, na salamu ziishe zenyewe, msiziharakishe. Semeni mmetumwa na nani na mtakifanyia nini atakachosema. Maswali manane yanatosha kwa dakika arobaini. Lianze la wazi: “Babu, tusimulie siku mlipohamia hapa.” Msianze na “Je, mlihamishwa kwa nguvu?” kwa sababu jibu liko tayari ndani ya swali.

Mwaka kamili usimlazimishe. Atautaja ili kukuridhisha, na utakuwa si wenyewe. Tumia matukio: ilikuwa kabla ya Uhuru (9 Desemba 1961) au baada? Kabla ya Vita vya Kagera (1978 hadi 1979)? Kabla ya mvua za El Niño (1997 hadi 1998)? Mwalimu Nyerere alikuwa hai (alifariki 14 Oktoba 1999)? Ukishayapata mawili yanayombana, weka alama kwenye manila katikati yake.

Tahadhari moja nzito. Msiulize mpaka wa shamba la fulani uko wapi, wala msiandike jina la mtu aliye kwenye kesi. Mgogoro uliopo una mashahidi na una hasira, na daftari la mwanafunzi linaweza kuletwa kama ushahidi. Tumieni “mkulima wa kwanza”, “mfugaji wa pili”. Mtu akisema kitu kisha akaomba kisiandikwe, kifuteni mbele yake.

Jioni ileile andikeni safi. Zikipita siku mbili, mtakuwa mnaandika kumbukumbu zenu, si zake. Na wazee wakipingana, furahini. Aliyehamishwa atakumbuka lori na mvua, aliyepokea wageni atakumbuka shule na zahanati vilivyokuja. Wekeni yote mawili, kisha mwulize kila mmoja alikuwa amesimama wapi.

Kwa wanaoweza kusafiri, Arusha kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, na Dar es Salaam kuna Makumbusho ya Taifa pamoja na Nyaraka za Taifa. Wasioweza wana ofisi ya kijiji: ombeni kuonyeshwa cheti cha ardhi ya kijiji na ramani ya matumizi ya ardhi, kama vipo. Visipokuwepo, hiyo nayo ni taarifa, iandikeni.

Hatua ya sita: hesabu kidogo

Hapa takwimu ni za Tanzania nzima, Zanzibar ikiwemo. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 12,313,469. Ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata takribani mara tano. Eneo la nchi kavu ni kilomita za mraba zipatazo 885,000, kwa hiyo tumetoka watu 14 hivi kwa kilomita moja ya mraba hadi 70.

Usirukie kuandika “ongezeko la watu ndilo chanzo cha migogoro”. Wastani unadanganya: zaidi ya watu milioni 5.3 kati ya hao wako Dar es Salaam, maeneo mapana ni hifadhi, mengine ni makavu. Pia ongezeko halielezi kwa nini kijiji hiki kinagombana na cha jirani chenye watu wengi zaidi kimetulia. Takwimu inakuambia shinikizo limeongezeka. Pa kupasukia hupangwa na historia: mpaka uliochorwa vibaya, njia ya mifugo iliyogawiwa mashamba, shamba lenye wenyewe wawili.

Hatua ya saba: andika insha

Aya moja ibebe hoja moja kwa mpangilio huu: hoja, namna ilivyofanya kazi, mfano wenye mahali na mwaka, kisha kurudi kwenye swali. Kinachosahaulika ni cha pili.

Aya dhaifu: “Sera za ardhi za wakoloni zilichangia harakati za uhuru kwa sababu Waafrika walinyang’anywa ardhi yao yenye rutuba na hivyo wakakasirika wakadai uhuru.” Hakuna mahali, hakuna mwaka, na hasira imeachiwa kazi yote.

Aya yenye nguvu: “Sheria ya ardhi ya 1923 ilimpa Gavana mamlaka juu ya ardhi yote, na haki ya mila ikabaki dhaifu mbele yake. Kwa hiyo Wameru wa Engare Nanyuki walipoamriwa kuondoka mwaka 1951, hawakuwa na sheria ya ndani ya kuwakinga. Walilazimika kutafuta chombo kilicho juu ya Gavana, yaani Umoja wa Mataifa. Safari hiyo haikurudisha ardhi, lakini ilionyesha kwamba tatizo lilikuwa utawala wenyewe na si mlowezi mmoja, na hilo ndilo lililogeuza dai la ardhi kuwa dai la uhuru.”

Aya kama hizo tano au sita, utangulizi wa mistari minne unaofafanua maneno ya swali, na hitimisho linalopima sababu ipi ilikuwa kubwa. Hitimisho linalorudia hoja zote ni karatasi iliyopotea bure.

Wanaofanya Historia kwa Kiingereza wana kazi moja zaidi. Elewa kwanza kwa Kiswahili, kisha tengeneza orodha ya maneno thelathini ya suala hilo, kila moja na mwenzake wa Kiingereza na sentensi moja uliyotunga mwenyewe. Tafsiri ya neno peke yake hupotosha: “kumiliki” ya kijijini na ile ya sheria ya mwaka 1923 si kitu kimoja.

Kulishika mpaka siku ya mtihani

Kusoma noti mara nyingi huku zimefunguliwa mbele yako hukupa hisia ya kujua, si kujua kwenyewe. Funga daftari, chukua karatasi tupu, chora mstari wa nyakati na uandike ngazi zote kwa kumbukumbu. Fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Rudia baada ya siku tatu, kumi, na thelathini. Dakika kumi na tano kila mara zinatosha. Nyekundu ndiyo inayokuambia usome nini, nyeusi iache.

Chukua fomati ya NECTA ya mwaka wako na karatasi za miaka iliyopita kabla ya kuamua ufanye mazoezi gani. Utakuta maswali ya kupanga matukio kwa mfuatano na ya kuchora ramani, ambayo wengi hupoteza alama kizembe. Ramani ya Tanzania ijifunze kwa mkono: chora mara kumi bila kufuatisha, weka Meru, Mbulu, Songea, Dodoma, na maziwa matatu makuu.

Kwa insha jipe dakika 35: tano za kupanga kwenye ukurasa wa nyuma, ishirini na tano za kuandika, tano za kusoma. Katika hizo tano za mwisho usihangaike na hati yako. Tafuta miaka. 1963 iliyoandikwa 1936, au Vita vya Kagera vilivyotangulia Azimio la Arusha, hupenya kwa urahisi mkono unapokuwa mbio.

Na kama mlihoji wazee, andikeni nakala safi ya alichosema kila mmoja mkamsomee kabla ya muhula kwisha. Mara nyingi atasahihisha kitu. Sahihisho hilo liingie kauntabuku, ukurasa wa kushoto, na tarehe yake.